Mzee Ngowa, Aliyekataa Kusemewa

Mwaka umetimia, Babu, tangu ulipojilaza usingizi wa mchana ukakataa kuamshwa. Tulidhani ni ujeuri wako wa kawaida. Nyanya Everlyne alikuita mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili kwa hasira, kisha hakukuita tena. Aliketi kando ya kitanda, akakushika mkono, akaagiza dirisha lifungwe taratibu, kelele za mtaani zisikusumbue.

Tangu hapo alasiri zetu zimekuwa ndefu. Jua likipenya kwenye mbao za dirisha na kuchora mistari ukutani, mmoja wetu hugeuka akidhani amesikia kikohozi chako ngazini. Hakuna mtu. Ni upepo tu unapanda kutoka uchochoroni, umebeba harufu ya viazi vya karai na udi wa jirani, unapita vyumbani kama mgeni asiyejua aketi wapi.

Watasoma haya wasiokujua, basi turuhusu tukusifu kidogo, ingawa ukisifiwa huvimba kichwa. Ulikuwa fundi wa kutengeneza cherehani. Duka lako lilikuwa chini ya nyumba, pale Mji wa Kale wa Mombasa unapopeana mkono na Bondeni, na lilikuwa dogo hata mteja mnene ulimhudumia akiwa nje. Ulizungusha gurudumu la cherehani, ukatega sikio kama daktari, kisha ukasema, "Hii haiumwi. Imechoka kushona sare za shule." Mshonaji aliyeharibikiwa karibu na sikukuu ulimwazima cherehani yako mwenyewe. Na ulitangaza kwa watu wote kwamba wawachukia paka wa mtaa, ila kila mchana mkia wa samaki wako ulianguka chini kwa bahati mbaya.

Halafu ulikuwa mtani. Hapo ndipo ulipokuwa bingwa.

Trizah, binti wa mwanao Mirriam, ulimwita mke wako tangu anatambaa, kama ilivyo kwetu baina ya babu na mjukuu wa kike. Naye akakuita mume wake. Nyanya Everlyne akawa mke mwenza, akalalamika miaka yote kwamba mke mdogo hapiki. Trizah alikua, akasoma, akapata kazi katika ofisi ya wakala wa kutoa mizigo bandarini Kilindini, lakini akirudi jioni hakupita mlangoni kwako bila kulipa ushuru wa maneno.

"Mke wangu, funga huo mdomo," ulimwambia. "Kwenye huo mwanya wa meno yako tuktuk yaweza kupita na abiria wake."

"Heri mimi nina mwanya," alikujibu. "Wewe una uwanja mzima."

Na Aidarus, mshonaji wa kanzu wa mlango wa pili, rafiki yako wa tangu ujana, hupiga paja pale barazani na kusema, "Wallahi, Ngowa, huyu mtoto amekuzika ungali hai!"

Kisha kukaja ile asubuhi ya masika. Ulikuwa umeinama juu ya cherehani, bisibisi ikakuponyoka. Ukainama kuiokota, ukashindwa kuiona ilhali iko mbele yako. Aidarus alipokuuliza kulikoni, ulifungua mdomo ikatoka sauti isiyokuwa neno. Ilikuwa kiharusi. Mkono wa kulia ukalala, mguu wa kulia ukawa mzito, na uliporudi kutoka hospitali, Babu, katika maneno yote uliyokuwa nayo, ulibakiwa na moja.

"Ndiyo."

Wataka uji? Ndiyo. Umeshiba? Ndiyo. Mvua yanyesha? Ndiyo, na nje jua lilikuwa limewaka kama tanuri la mkate.

Nasi ghafla tukawa na adabu. Nyumba nzima ikaongea kwa sauti ya chini. Watu waliingia kwa kunyata, wakakwambia "pole Babu, pole sana Babu," polepole, kama mtu anayemfunza mtoto kuhesabu. Nyanya alitoa amri mlangoni: mgonjwa hataniwi. Ndivyo tulivyolelewa. Hata Aidarus, ambaye maisha yake yote alikuamkia kwa kukutukana, alikuja kuketi mbele yako na kanzu yake iliyonyooshwa, akakuombea dua, akaondoka macho chini. Trizah akakuita Babu. Babu! Kila alipolitamka, uligeuza uso ukutani, nasi tukasema, masikini, amechoka, mwacheni alale.

Ukalala sana. Ulilala asubuhi, ukalala mchana, uso wako ukawa shwari kama maji ya kisima.

Hospitalini kulikuwa na dada mmoja, Loise, kazi yake kuwafunza kusema upya watu waliopotewa na maneno. Trizah ndiye aliyekupeleka kwake. Loise alituambia mambo mawili tukayasikia kwa sikio moja. La kwanza, tusikumalizie neno. "Likitoka nusu, ngojeni nusu ya pili, hata kama chai itapoa." La pili lilikuwa hivi. "Pale palipokosa damu kwenye ubongo wake hapatafufuka. Lakini ubongo ni kama mtaa wenu. Njia kuu ikifungwa, watu hupita vichochoroni. Mzee naye aweza kujifunza vichochoro vipya, ila huenda polepole, na hataenda bila safari. Mpeni sababu ya kusema."

Sababu tulidhani ni kukuuliza kama wataka uji.

Mwanao Gunga, mjomba wake Trizah, alishuka kutoka Kaloleni, kwenu kwa asili, Jumapili moja. Mjomba Gunga ni mtu wa haki, shemasi wa kanisa, na anakupenda kwa namna ya watu wasiojua kuchekesha. Alikuwa amekujengea chumba kule nyumbani, kina dirisha la upande wa upepo, kitanda cha chini, na binti wa kukuangalia. Alitukusanya juu sebuleni baada ya ibada.

"Baba hawezi kukaa hapa," alisema. "Ngazi hizi zitamuua. Duka lifungwe, vyombo vigawiwe mafundi wenzake. Baba, twende nyumbani Kaloleni ukapumzike?"

"Ndiyo," ulisema.

"Mmemsikia mwenyewe."

Trizah akaruka kutoka kwenye mkeka. "Mjomba, hiyo si ndiyo! Hilo ndilo neno alilobaki nalo tu. Ngoja uone. Babu, mimi ni mwanamume?"

"Ndiyo," ulisema.

Trizah alikuwa anatabasamu, anangoja tuelewe, na tabasamu likamfia mdomoni alipoona jinsi Mjomba Gunga alivyokuangalia. Alikuangalia kwa huruma, kama mtu anayetazama nyumba aliyozaliwa ikibomolewa.

"Basi ndivyo nisemavyo, mwanangu," alisema taratibu. "Baba hayumo tena humu. Akili imekwenda. Tutafanyaje? Tumwamulie tu, kwa wema." Akapanga kuja kukuchukua na gari la rafiki yake mwisho wa mwezi.

Kwa ulimi wake mwenyewe Trizah alikuwa amekutoa nyumbani kwako. Wiki ile hakula vizuri. Kazini Kilindini aliangalia kutoka dirishani makontena yakipandishwa na kushushwa, akafikiri: yumo. Mtu aliyegeuza uso ukutani alikuwemo. Mtu asiyekuwamo hageuzi uso.

Jumamosi alipewa zamu ya kukulisha uji. Nyanya alikuwa amekwenda sokoni. Chumba kilikuwa na mwanga ule wa saa tisa, mzito, wa rangi ya asali, na uji uliteremka pembeni mwa mdomo wako ukaingia shingoni. Trizah akaufuta. Ukateremka tena. Akaufuta. Mara ya tatu akaweka bakuli chini kwa kishindo.

"Sikiliza wewe mzee," alisema. "Nimechoka kuwa na adabu. Wajilaza hapa kama sultani, wapumbaza watu kwa ndiyo, ndiyo. Akili zako nani asiyejua ziliko? Zilitupwa Kibarani zamani, wakati bado ni jaa, kabla hawajapanda miti. Na maneno yako yamezuiwa Kilindini yasubiri ushuru. Nenda Kaloleni! Nenda! Mimi nitaolewa na mume mwingine, kijana, mwenye meno yote."

Ulifungua macho. Si kama mtu anayeamka, bali kama mtu aliyekuwa macho siku zote, akingoja kusikia hatua fulani ngazini. Ukamtazama. Mdomo wako ukaanza kufanya kazi, ukajikunja, ukafunguka, ukafunga.

"M... m..."

Trizah alijua neno unalolitaka. Alilijua tangu utotoni. Aliuma ulimi asilitamke. Adhana ya alasiri ikaanza msikitini, ikaisha. Uji ukajifunga utando.

"Mwa... nya," ulisema. Jasho lilikutoka. "Mwanya. Tuk. Tuk."

Nyanya Everlyne aliporudi na kapu lake alimkuta Trizah amepiga magoti kitandani analia kwa kwikwi, nawe wacheka kwa upande mmoja wa uso. Akadhani umekata roho, akaanguka. Tulimpepea yeye kwanza.

Trizah alipomsimulia Loise, dada yule aliweka kalamu chini. "Basi hiyo ndiyo dawa," alisema. "Mtu akiambiwa pole hana la kujibu. Akitaniwa anadaiwa jibu. Endeleeni."

Tukaendelea, Babu, na Mungu atusamehe kwa yale tuliyosema. Nyanya alitengua amri yake kwa masharti: uji uliwe kwanza. Aidarus aliposikia aliacha kanzu ya bwana harusi nusu, akapanda ngazi mbio na magoti yake mabovu, akasimama mlangoni akihema.

"Ngowa! Yakhe, kwani ulimi umeumeza? Ama umeuweka rehani kwa Mhindi?"

Ulimtazama muda mrefu. "Ndoo," ulisema.

"Ndoo gani?"

"Ndoo... si ndoo. Mbu... mbu..."

Aidarus akashika kifua chake kwa furaha. "Sema! Mbuni? Mbuyu? Ah, nisikumalizie. Sema mwenyewe, hata tufike Idi."

"Mbuzi," ulisema. "Wewe."

Hatujaona mtu akafurahi vile kuitwa mbuzi. Alishuka ngazi akiwaambia wapita njia.

Kila asubuhi mwezi ule ulishushwa barazani, ukaketi na mto mgongoni, na mtaa mzima ukaja kukuchokoza. Maneno yalikuja vibaya, yakaja kinyume, yakaja yamevaa nguo za wenzake. Chai uliita kofia. Nyanya ulimwita Mombasa Raha, akakasirika nusu na kufurahi nusu. Ukikwama, ulipiga goti kwa mkono wa kushoto, nasi tukangoja, na kungoja huko hakukuwa rahisi kwa ukoo wa waropokaji. Siku nyingine neno halikuja kabisa, ukalia. Hapo pia tulingoja.

Baadaye sana, ulipokuwa umerudi kwetu vya kutosha, ulituambia ulikokuwa. Tunayaandika hapa kwa maneno yako, ila tumeyanyoosha kidogo.

Ulisema ulikuwa ndani ya nyumba kubwa ya mawe, ya kale, yenye ubaridi, vyumba juu ya vyumba. Kila chumba kilikaliwa na neno. Uliyajua yote, majirani zako wa siku nyingi, uliyasikia yakikohoa nyuma ya milango. Lakini ulipobisha mlango wa neno maji, aliyefungua ni kitambaa. Ulipobisha kwa mkeo, alifungua mtu usiyemjua, mwenye adabu sana, akakwambia ndiyo. Hapakuwa na maumivu. Mwanga ulikuwa mzuri, ulipita kwenye kuta kama kuta ni shuka, na kulikuwa na mahali pa kulala kila upande. Kutoka chini ulisikia watu wakisema pole, pole, na sauti zao zilikuwa kama mvua juu ya mabati. Ukalala zaidi.

"Halafu," ulisema, "mtu akanitukana kutoka uchochoroni. Sasa, mtu akitukanwa, hufanyaje? Huchungulia dirishani."

Mwisho wa mwezi Mjomba Gunga alikuja na gari. Alikukuta barazani umevaa shati safi. Tulikuwa tumemwambia kwenye simu kwamba wasema, lakini alidhani ni mapenzi yanatudanganya. Begi lako Nyanya alikuwa amelifunga, kwa sababu hakuna aliyekuwa na hakika. Kutoa neno moja la utani ni jambo moja. Kumkatalia mwanao mkubwa mbele ya watu, kwa kichwa chako mwenyewe, ni jambo lingine. Trizah alisimama nyuma ya Aidarus, kucha zake mdomoni. Alikuwa ameapa hatasema kitu, hata wakikubeba.

Mjomba Gunga alichutama mbele yako, akakuamkia kwa heshima zote. "Baba, nimekuja. Twende nyumbani?"

Paka akapita katikati yenu. Mdomo wako ulianza kujikunja, na sote tuliona umbo la lile neno la zamani likikaribia, neno rahisi, neno la kuteleza. Trizah alifumba macho.

"N..." ulisema. "N..."

Aidarus alianza kusoma dua kimoyomoyo, lakini midomo ilionekana ikicheza.

"Nyumbani," ulisema, "ni hapa." Ukapumzika. Ukapiga goti. "Pasaka. Ntakuja... Pasaka. Nile nazi. Nirudi."

Mjomba Gunga alikaa vilevile amechutama. Kisha akakuuliza, kwa sauti ndogo ambayo hatukuwahi kuisikia kwake, "Kwa hiyo siku ile nilipokuuliza, Baba, ulikuwemo?"

"Ndani," ulisema. "Mbali. Nakusikia."

Alilichukua begi akalipandisha ngazi mwenyewe, akakaa huko juu muda mrefu kuliko begi lilivyohitaji. Aliposhuka macho yalikuwa mekundu, na Aidarus, kwa heshima ya shemasi, alisema ni moshi wa viazi karai.

Hukupona kikamilifu, na hatutakuwekea chumvi. Mkono wa kulia haukurudi. Uliufunza wa kushoto kushika bisibisi, ukiwa na umri ambao wengine hawajifunzi hata simu mpya, na uliilaani bisibisi kwa maneno ambayo ajabu yake yalirudi yote, hata moja halikupotea. Ulifungua duka siku za jua. Mafundi walileta cherehani, ukawaelekeza kwa kidole na kwa maneno yaliyokuja kwa miguu yao. Loise akawa analeta wagonjwa wake barazani wakusikilize. Mmoja wao, mama wa Bondeni ambaye alikuwa hajasema kitu tangu augue, alikusikiliza ukitafuta neno "uzi" mpaka akachoka, akalisema yeye. Ulikasirika kwa kumaliziwa. Ukampa chai.

Kaloleni ulikwenda kila Pasaka. Ulikula nazi. Ulirudi. Isipokuwa safari hii ya mwisho, ambayo tulikupeleka sisi.

Msiba wako ulikuwa na watani, kama ulivyostahili. Kabla jeneza halijatolewa nje, Trizah alitokea chumbani amevaa kofia yako na viatu vyako, ameinua bega moja, mguu wa kulia auburuta. Akapita mbele ya wazee akiwatazama kwa jicho lako lile la dharau. Akapiga goti kwa mkono wa kushoto, akangoja, watu wote wakangoja naye, kisha akasema kwa sauti yako, "Mbu... zi." Akamnyooshea Aidarus kidole. Watu walicheka wakishikana, na kicheko kikageuka kilio bila mtu kuona mpaka wake.

Mjomba Gunga, aliyekuwa hacheki, akasogea. Akamshika yule mwenye kofia yako mkono, kama amesahau ni nani aliye chini yake.

"Baba," aliuliza, "umeridhika kulala huku Kaloleni?"

Trizah alikuwa na maneno yako yote, na mwendo wako, na hata kikohozi. Angeweza kujibu, na mjomba wake angelala usingizi mzuri usiku ule. Lakini alivua kofia taratibu, akaikumbatia.

"Hilo siwezi kumsemea, Mjomba," alisema.

Ndipo Nyanya Everlyne alipozungumza kutoka kwenye mkeka wa wanawake. "Aliulizwa. Nilimwuliza mimi, tukiwa wawili, wiki ile ya mwisho. Nikangoja mpaka akamaliza."

"Akasemaje?"

Nyanya alijifunika leso usoni, na mabega yake yakaanza kutikisika. Tulidhani analia. Mpaka leo hajatuambia ulisema nini, Babu, na kila tukimwuliza hucheka upya.

Wanaokukumbuka: mkeo Everlyne, mwanao Gunga na jamaa wote wa Kaloleni, binti yako Mirriam, mke wako mdogo Trizah, ambaye yule kijana mwenye meno yote bado hajampata, Aidarus wa mlango wa pili, Loise na wanafunzi wake wa barazani, na paka, ambao hawajui kusoma lakini mchana bado huja.

Hatujakusahau, Babu Ngowa, wala mpango huo hatuna.